Siku ya Kuipima Laptop

Watu waliokuja kuchapiwa barua pale dukani hawakumwita kwa jina la mtoto wake, kama wanavyoitwa akina mama wengine. Walimwita Mama Vidole. Aliyempachika jina hilo alikuwa karani mmoja wa mahakama, mtu wa haraka haraka, aliyekuja na kurasa zake za mkono akidhani ataziacha na kuzirudia kesho. Alisimama kidogo kumtazama, akasema, "Huyu mama vidole vyake havimsubiri." Jina likanata, likamfuata mpaka nyumbani.

Duka lilikuwa la shemeji yake, kaka wa mume wake. Chumba kimoja kirefu: mlangoni mashine ya fotokopi inayotema joto, katikati benchi la wateja, na mwisho kabisa, ukutani, kompyuta ya mezani. Kioo chake kilikuwa kipana kama sinia. Boksi lake lilikaa chini ya meza likikoroma kama mtu aliyeshiba, na kibodi yake ilikuwa nene, ya zamani, herufi zake zimefutika kwa kupigwa. Mtu mwingine akiikalia alipotea. Mama Vidole hapo alikuwa nyumbani kwake.

Hakufanya kazi peke yake. Pale dukani walikuwa na mtindo wao: mmoja anasoma, mmoja anachapa. Msomaji alikuwa wifi yake, mdogo wa mume wake, mwenye sauti safi isiyokwama. Alikaa kwenye stuli pembeni, karatasi za mteja magotini, akasoma. Na neno halijatua vizuri hewani, Mama Vidole ameshalichapa. Kuna mteja mgeni aliwahi kuingia akauliza, "Hapa kuna wifi?" Benchi zima likamwonyesha: "Ndiye huyo kwenye stuli." Wifi mwenyewe akajibu, "Nipo, ila nywila yangu huiwezi." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Miaka yote ile asante zilikwenda kwa vidole. Hakuna mteja aliyewahi kusema, na huyu msomaji mpeni soda.

Kitu ambacho benchi halikujua ni kwamba Mama Vidole alikuwa haoni tena sawasawa. Ilianza kama doa la moshi katikati ya kila alichokitazama. Akimtazama mtu usoni, uso haupo, masikio yapo. Daktari wa macho alimwambia bila kuzungukazunguka kwamba moshi ule hautaondoka, utaongezeka. Alishukuru, akatoka, akampitia mtoto shuleni kama kawaida.

Akajipanga. Alimwomba fundi amkuzie maandishi kwenye kioo mpaka neno moja likawa kama lori linapita, akasema ni kwa ajili ya wateja, waone makosa yao wakiwa palepale kwenye benchi. Juu ya herufi F alidondosha tone la gundi, na juu ya J jingine. Yakakauka, yakawa vipele viwili ambavyo vidole vyake viliviendea vyenyewe kila alipokaa. Nyumbani, mwanawe akileta barua ya shule alimwambia, "Nisomee, mama, nisikie umefikia wapi," na mtoto alisoma kwa majivuno, hajui anafanya kazi ya macho. Uso wa mtoto huyo aliutazama kwa pembeni, maana pembeni bado palikuwa pake. Alimsuka kwa kupapasa na mistari ilinyooka.

Angesema, angepoteza kiti. Mume alikuwa dereva wa lori, mtu wa kupita, na katika ukoo ule mke asiye na kazi mikononi aliongelewa kama mgeni asiyejua kuaga. Kiti kile ndicho kilichomfanya shemeji aseme mbele za watu, "Huyu ndiye duka."

Maneno ya laptop yaliletwa na umeme. Ulikuwa ukikatika hovyo, na kila ukikatika ile ya mezani ilizima na ukurasa wake.

"Hii naiuza," shemeji akasema siku moja, akiligusa boksi kwa ncha ya kiatu. "Laptop umeme ukienda, yenyewe ipo. Tena unaibeba. Mteja hawezi kuja, unamfuata."

Fundi alikuwa chali chini ya meza anavuta waya. "Bosi, ya mezani ikiugua kioo, unabadilisha kioo. Ikiugua kibodi, kibodi. Laptop ikiugua kidole unazika mwili mzima."

"Unatetea mkate wako."

"Natetea mkate wangu, lakini sijasema uongo."

Muuza vitabu, ambaye benchi lile lilikuwa kama sebule yake, naye akatia neno. "Mwanangu anayo ile yenye nembo ya tufaha. Virusi haivijui, na chaji inakaa mpaka unaisahau."

"Virusi haivijui, na spea pia haizijui," fundi akajibu kutoka chini. "Halafu hawa wateja wanakuja na flashi, ndani kazi za Windows. Fungulia kwenye tufaha uone mistari inavyohama nyumba."

"Basi laptop, na iwe ya Windows," shemeji akasema. "Tumemaliza."

"Shemeji," Mama Vidole akasema taratibu, "laptop ni ya mtu anayetembea. Sisi tumekaa. Kioo kidogo kutwa nzima kinakunja shingo, na kibodi yake bapa, haina mahali pa kushika. Kwa kazi ya kila siku, ya mezani haina mfano."

Alisema vizuri, na kila alichosema kilikuwa kweli. Ila sicho kilichokuwa kinamkaba.

Wifi alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesoma. "Wifi ana hoja," akasema. "Lakini si tuipime? Kaka aazime moja, wifi achape mbele yetu. Akisema haifai, haifai. Nani anajua kuchapa kama yeye?"

Ilikuwa sifa, na Mama Vidole aliisikia ikimshuka mgongoni kama maji ya baridi.

Siku ya kupima, wifi alitangulia kufika. Mama Vidole alipoingia, ile ya mezani ilikuwa imeshachomolewa na kusukumwa pembeni, kioo kimegeuzwa ukutani, na mahali pake pana laptop ya kuazima. Benchi limejaa. Fundi yupo, kaja kuikagua. Muuza vitabu yupo, kaja kwa sababu yupo siku zote. Na kulikuwa na mteja wa kweli, mwalimu mkuu anayestaafu, na hotuba yake ya kuaga aliyoiandika kwa mkono.

Mama Vidole alikaa, akaweka mikono. Vidole vikakutana na kitu laini, chenye utelezi.

"Nini hiki?"

"Kifuniko cha kibodi," wifi akasema. "Cha mpira. Nimekinunua mwenyewe, vumbi la hapa si unalijua."

Vidole vya shahada vilitafuta vipele. Havikuwepo. Hata vile vidogo wanavyoviweka watengenezaji vilikuwa vimezama chini ya mpira.

"Tukitoe kidogo, wifi. Kinateleza."

"Mashine ya watu hiyo. Ikikwaruzwa, nani atajibu?"

Wifi yule alikuwepo siku gundi ilipodondoshwa kwenye F na J. Alikuwa ameishika chupa yenyewe.

Palepale Mama Vidole angeweza kusema, akaenda zake na heshima yake mkononi. Lakini benchi lilikuwa linamtazama, na shemeji kasimama mlangoni mikono kiunoni. Akapiga moyo konde. Akapapasa ukingo wa kibodi kwa kidole cha mwisho, akapima, akakisia, akaweka mikono.

"Soma," akasema.

"Ndugu zangu," wifi akaanza.

Kwenye kioo yakatokea haya: mfihi xsmhi.

Wifi aliyaona. Alikuwa pua na kioo. Akayatazama, akavuta pumzi, akaendelea kusoma, tena kwa sauti nzuri kuliko siku zote, na Mama Vidole akamfuata nyuma kama mtoto anayeshikwa mkono kuvuka barabara. Mistari ikajaa. Wa kwenye benchi waliona vidole tu, na vidole vilikuwa vilevile vya kila siku.

Katikati ya ukurasa umeme ukakatika. Fotokopi ikanyamaza. Laptop ikabaki inawaka.

"Mnaona?" shemeji akasema. "Mnaona wenyewe? Ile ingekuwa imeshakufa na hotuba ya mwalimu."

"Nimeona," muuza vitabu akasema. "Fundi, tafuta kazi nyingine."

Walipofika mwisho, wifi alizikunja karatasi za mwalimu, akaziweka magotini. "Wifi, msomee mwalimu tulichochapa, ajiridhishe."

Kazi hiyo siku zote ilikuwa ya wifi. Mama Vidole alitazama mbele: weupe unaowaka, na ndani yake kitu kama sisimizi waliojipanga. Lakini hotuba nzima alikuwa nayo. Miaka ya kusomewa ilikuwa imemfundisha kushika ukurasa kichwani kabla haujapoa. Akanyoosha shingo kama mtu anayesoma.

"Ndugu zangu walimu, nanyi wanangu. Siku ya kwanza kuingia darasani nilimwogopa mtoto wa dawati la mbele kuliko alivyoniogopa yeye. Chaki imenila vidole, haijanila sauti. Kwa hiyo leo nisikilizeni hata walio nyuma."

Aliisema kwa utulivu, hakukosea neno. Mwalimu alisisimka kusikia maneno yake yakitoka kwa mtu mwingine. Akavaa miwani, akasogea, akainama juu ya bega lake ayaone.

Akaufuata mstari wa kwanza kwa macho, kisha wa pili.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "unasoma wapi?"

"Hapa, mwalimu." Akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapo pameandikwa kitu ambacho siwezi hata kukitamka."

Shemeji akaja. Benchi likanyanyuka. Muuza vitabu alikuwa wa kwanza kucheka. "Leo Mama Vidole vidole vimelewa." Wakaangua kicheko wote, na yeye akacheka nao kidogo, ili asiachwe peke yake nje ya kicheko.

Fundi hakucheka. Alikiangalia kioo, akaiangalia kibodi. "Mikono imehama herufi moja kwenda kulia. Toka neno la kwanza." Akasita. Alikuwa mtu mwema, na hakujua anachokifungua. "Mtu anayeona angejua palepale."

Kicheko kikakatika.

"Shemeji," mwenye duka akauliza, "hukuona?"

"Haoni, kaka," wifi akajibu badala yake. "Haoni kitambo. Mimi nilidhani mnajua."

"Nawe binti," mwalimu akasema, "ulikuwa umekaa hapa. Hukuliona lile neno la kwanza?"

"Mwalimu, mimi kazi yangu kusoma. Kuchapa kuna mwenyewe. Si ndivyo ninavyoambiwa hapa?"

Shemeji hakukaripia mtu. Alimshika Mama Vidole begani, kwa upole, kama mtu anayesogeza meza yenye vyombo. "Inuka kidogo," akasema. "Wateja wanasubiri."

Akainuka. Aliweka mkono kwenye ukuta kwa sababu hakujua ile kompyuta iliyosukumwa imeishia wapi. Wifi akakalia kiti. Jambo la kwanza alilolifanya ni kukibandua kile kifuniko cha mpira, akakitupa kwenye droo. Vumbi lilikuwa limekwisha.

Hakujua kuchapa. Alikuwa na vidole viwili, na hata hivyo viwili ilibidi avitafutie herufi moja moja kwa macho. Macho yake hayangeweza kuwa kwenye kibodi na kwenye karatasi kwa wakati mmoja, hilo kila mtu pale alilijua. Ndiyo maana mtindo wa duka ulikuwa mmoja anasoma, mmoja anachapa.

Akazichukua karatasi za mwalimu, akazinyoosha pembeni, mpaka zikagusa mkono wa Mama Vidole.

"Haya, wifi. Sasa nisomee wewe."

Mama Vidole alizipokea, maana mikono yake haikuwahi kukataa karatasi ya mteja. Akazishika mbele ya kifua, hotuba bado nzima kichwani. Mlangoni walikuwa wameingia wateja wengine wawili, wanauliza kuna foleni ndefu kiasi gani. Shemeji aliwaambia si ndefu.

Mwalimu akasogea. Akazishika zile karatasi mikononi mwa Mama Vidole na kumgeuzia, maana alikuwa amezishika juu chini. Mtu fulani kwenye benchi alijikaza asicheke, akashindwa.

"Bado hujaanza," wifi akasema, vidole viwili vikiwa hewani.