Tangi Katikati ya Maharagwe

Mama alitaka niwe nesi. Nilipomaliza kidato cha nne, kila mgeni aliyekuja kwetu Mwanda kunywa chai aliambiwa hivyo, nami nimekaa papo hapo nimenuna. Mimi nilitaka uhandisi. Mama hakuubishia; aliuruka tu, kama mtu anavyoruka dimbwi.

Mwaka huo kijiji kilikuwa kikivuta maji kutoka chemchemi ya ng'ambo ya bonde. Tangi lilijengwa kwenye uwanja wa kanisa, kwa sababu ardhi ya kanisa si ya ukoo wowote, na hivyo hapangekuwa na ukoo wa kuringia wengine. Kikaoni watu walielewana vizuri sana. Ila maji hayakuhudhuria kikao. Yalishuka bondeni ndani ya paipu, yakapanda upande wa pili, yakakoma chini kidogo ya kanisa. Mmoja akasema ni chura amekwama, mwingine akasema ni upepo. Wakafukua paipu, wakaifukia tena, na Mama, mwenyekiti wa kina mama wa maji, akaendelea kupanda kilima na mtungi.

Hatimaye akaitwa fundi wa ujenzi kutoka Voi. Alikuja na mpira mrefu unaoonyesha ndani, akaujaza maji, akanipa ncha moja nishike. Akanieleza kwamba maji ya ncha hii na ile husimama kimo kimoja, hata mpira ujikunje vipi. Tukapima kipande kwa kipande kutoka chemchemi hadi kanisani, tukitia alama kwenye vigingi. Kwa macho, chemchemi ndiyo iliyokuwa juu. Kwa mpira, ni tangi. Nilifurahi hadi nikaona haya, maana watu wazima walikuwa wameshika tama.

Fundi alirudi Voi, mpira na vigingi nikaachiwa mimi. Nikapima tena na tena. Mahali pa chini palipofaa palikuwa shambani kwetu: tuta la maharagwe la Mama, lenye rutuba kuliko yote. Koo nyingine zikaanza kunong'ona kwamba maji yatakuwa yetu. Mama akaniuliza mbele ya watu, "Una hakika?"

"Nina hakika, Mama."

"Basi ng'oeni maharagwe. Na njia ya kwenda bombani iwe ya kila mtu."

Tangi likajengwa upya hapo; mimi sikulala vizuri muda wote huo. Siku maji yalipotoka, Mama aliweka kiganja chini ya bomba akakiacha hapo. Kisha akasema, bila kunitazama, "Nenda kasomee hiyo ya mpira."

Leo mimi ni mhandisi wa maji, naishi Voi. Namshukuru fundi yule kila ninapopima. Lakini Mama namshukuru kwa namna nyingine, maana yeye hakuelewa habari za vimo hata kidogo. Wageni bado humwuliza kwa nini aliachia udongo mzuri namna ile. Huwamiminia chai, akawajibu, "Mtoto alisema ana hakika."