Nusu Ukurasa kwa Mtu wa Miamba

Wasifu wa shangazi niliuandika katika chumba changu cha kupanga mjini, mtaa wa Kashai: kurasa tatu, nikazichapisha steshenari ya jirani. Nilipoufikisha msibani, kijijini kwetu Buganguzi, baba mkubwa, kaka wa marehemu na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alinirudishia nusu ukurasa.

Nusu ukurasa! Alizaliwa, akabatizwa, alifanya kazi serikalini, hakujaliwa kuolewa wala kupata mtoto, akaugua, akafariki. Basi. Mwanamke wa kwanza kwetu kusomea miamba, aliyepanda vilima vya Muleba na nyundo yake, aliyeongoza kambi ya wanaume wasiotaka kumwita bosi, aliyechora ramani zilizoonyesha maji yalipo chini ya ardhi. Yote hayo yamefyekwa kama magugu.

"Mwanangu, watu watachoka na jua," alisema. "Na hayo mawe nani atayaelewa?"

Watu haohao, wiki moja kabla, walikaa saa nzima wakisikiliza wasifu wa mzee mmoja wa ushirika, hadi baiskeli yake ya kwanza ikatajwa. Hakuna aliyechoka. Nilikasirika, lakini mbele ya wakubwa nikazikunja kurasa zangu tatu na kuzirudisha mkobani. Utii ule unaniudhi hadi leo.

Kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja cha ukoo, kati ya migomba. Wazee wakaamua shangazi alazwe pembeni kabisa, kwa kuwa binti asiyeolewa hafai kukaa karibu na baba yake. Wachimbaji hawakufika hata kiunoni, wakagonga mwamba. Wakasogea hatua tano, mwamba tena. Jeneza lilikuwa limeshafika, padri anatazama saa, na sululu mbili zimevunjika mipini.

Shangazi aliwahi kukipima kibanja chote, akimtafutia bibi mahali pa kuchimba kisima. Mimi ndiye niliyemshikia kamba. Mchoro wake ulikuwa mkobani mwangu. Nilitaka uambatanishwe na wasifu, kamati ikakataa hata kuutazama. Ulionyesha mwamba ukipita chini ya pembe zote, na udongo wa kina mahali pamoja tu: ubavuni mwa kaburi la babu, baba yake mwenyewe.

Baba mkubwa alinifuata jikoni, jasho linamtoka.

"Mwanangu, shangazi yako hakuacha karatasi ya hiki kibanja?"

"Ipo, waitu," nilimjibu kwa neno letu la heshima. "Soma kwanza kurasa zangu tatu."

"Unafanya biashara na maiti?"

"Mimi sijamkata shangazi. Ninyi ndio mmemkata."

Alinitazama kwa hasira, nami sikuinamisha macho. Kisha akavaa miwani, akasimama mbele ya jeneza na kuzisoma zote, juani, kwa sauti yake mwenyewe. Hakuna aliyeondoka. Alipomaliza neno la mwisho ndipo nikawapeleka wachimbaji ubavuni mwa babu. Wakachimba kaburi zima bila kugonga jiwe.