Darasa Lililoondoka na Treni

Shule niliiacha nikiwa darasa la nne la msingi, na hakuna aliyenifukuza. Nilikaa karibu na dirisha, na barabara ilipita chini ya dirisha hilo; basi. Tangu siku hiyo nikafundishwa na kila mahali nilipopita. Kongolo nilijifunza kuziba mtumbwi unaovuja. Kwenye mji wa Bendera nilijifunza kupanda mihogo kwa mfanyakazi mmoja wa mtambo wa umeme aliyependa jembe kuliko mashine. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, nilijifunza kushindania bei bila kupandisha sauti. Nilitaka kujua kila kitu, lakini subira ya kukaa na kitu kimoja sikuwa nayo.

Kalemie nilifika nikifuatana na shehena ya mahindi, miaka ile nchi ilipoitwa Zaire na kila mwanaume mwenye biro, yaani ofisi, aliitwa "citoyen", mwananchi, wakati mwingine hata na mke wake. Nikapata kazi ya kubeba magunia bandarini, pale ambapo reli inaishia na ziwa linaanza. Asubuhi moja, gunia likiwa begani, nikasikia sauti zikitoka ndani ya behewa lililosimama kwenye reli ya pembeni: ba, be, bi, bo, bu. Hazikuwa sauti za watoto. Zilikuwa sauti za wanawake wazima, nyingine nzito kama za kwaya ya Pasaka. Nikatua gunia, nikachungulia.

"Weye kijana," akasema mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, "ingia ao toka. Unatuzibia mwangaza."

Nikaingia. Gunia lilibaki juani mpaka msimamizi wangu alipokuja kulitafuta.

Mama yule alikuwa prezida wa chama. Chama chenyewe kilikuwa cha akina mama wanaoanika ndakala, wale samaki wadogo ambao watu wa Kigoma wanawaita dagaa. Kilianza kama vyama vingi vya pale kwetu: mmoja akifiwa, wenzake wanapika, mmoja akijifungua, wenzake wanateka maji. Halafu siku moja, Mama Prezida mwenyewe alinisimulia, alisimama mbele ya wenzake akasema, "Nimechoka kuuliza. Tangu nilipoolewa naulizia watu: mashua hii inaenda wapi, dawa hii ni ya nani, mlango huu ni wa biro gani. Nataka kujisomea."

Wakaenda kwanza kwenye nyumba ya akina mama ambako wasichana walifundishwa kushona. Wakafundishwa kudarizi vitambaa vya meza. "Vizuri sana," Mama Prezida aliniambia, "lakini meza yenyewe sina." Wakaenda shule ya msingi, mkurugenzi akawaambia mabenchi ni ya watoto. Wakakutana uani kwa mmoja wao, mkubwa wa kartie, yaani mtaa, akaja kuwatawanya kwa sababu ulikuwa mkutano bila ruhusa. Mwishowe shefu wa stesheni, ambaye mke wake alikuwa mwanachama, akawaazima behewa ambalo paa lake lilivuja na halikufaa tena kwa unga wala sementi. Lakini alisema wazi: "Mukae mpaka muntu wa elimu aje kuliona darasa. Akilikubali, behewa ni lenu. Akilikataa, nitaziba paa na litarudi kubeba mizigo." Nje ya behewa lile hawakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mwalimu alikuwa katekista wa zamani, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Chama kilimlipa kwa ndakala. Kila mwanafunzi alileta konzi yake, na paka wa kartie nzima walijua nyumba ya mwalimu kuliko sisi. Minerval, ile ada ya shule, haikuwepo, sare haikuwepo, na aliyekuja na mtoto mgongoni alikaa karibu na mlango ili atoke haraka. Mimi nilikuja kila nilipopata nafasi kati ya gunia na gunia. Huko nilifundishwa kugawanya kwa tarakimu mbili, jambo lililonishinda nilipokuwa mdogo. Mwalimu aligawanya samaki, si namba, na samaki hata mimi nilitaka kujua wamebaki wangapi.

Jumamosi moja, badala ya kwenda kufagia barabara kwenye salongo, ile kazi ya umma, kama serikali ilivyotaka, tuliomba tufanye salongo yetu hapohapo. Tukalisugua behewa kwa mchanga wa ziwa, tukatundika pazia la kitenge, tukapanga mataruma ya zamani ya reli yakawa mabenchi. Kuku wa mlinzi wa bandari wakaanza kutaga chini yake. Likawa nyumba. Kwamba nyumba ile ilikuwa na magurudumu, na kwamba magurudumu yale bado yalizunguka, hakuna aliyekumbuka.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya reli. Asubuhi, kabla treni haijapangwa, mfanyakazi mmoja alipita na chaki akiandika kwenye mlango wa kila behewa jina la mahali linapokwenda: Kabalo, Nyunzu, Nyemba. Waliofunga mabehewa kwenye treni walisoma mlango tu. Hawakuchungulia ndani wala kuuliza. Mlango ukisema Kabalo, behewa linakwenda Kabalo. Sisi wabebaji tulilijua jambo hilo kama tunavyojua njia ya nyumbani.

Sasa ikatangazwa kwamba inspekteri wa elimu atakuja. Mwalimu hakulala vizuri wiki nzima. Ubao wetu ulikuwa kifuniko cha sanduku, mdogo kama sinia, na kwa kawaida tuliandika upande wa ndani wa mlango. Lakini siku hiyo Mama Prezida alitaka mgeni aone maandishi tangu mbali, kabla hajakanyaga ngazi.

"Andika Karibu," mwalimu akamwambia.

"Karibu nimeiandika mpaka imechakaa," akajibu. "Nitaandika kwetu nilikozaliwa."

Akatoka nje, akapanda juu ya kreti, akaandika kwa herufi kubwa zilizosimama wima: NYEMBA. Tukasimama wote tukiusifu mwandiko. Mwalimu alisifu, mimi nilisifu, na mke wa shefu wa stesheni ndiye aliyesifu kuliko wote.

Inspekteri alifika akiwa ndani ya abakosti, lile koti la wakati ule lisilovaliwa tai, ya kahawia, iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ikawa na makali. Aliangalia ngazi, akaangalia viatu vyake, akapanda. Tulimpa kiti pekee. Jua lilikuwa kali na bandari ina makelele, kwa hiyo mwalimu akausogeza mlango, ukabaki ufa wa kupitisha hewa.

"Nina haraka," inspekteri akasema. "Na niseme ukweli mapema. Hili si darasa, ni ghala. Tena katika makundi kama haya watu wanakariri tu kama kasuku. Kusoma ni kitu kingine."

Nilimwona Mama Prezida akikunja ncha ya kitenge chake na kuikunjua.

Mwalimu akaanza. Katikati ya somo behewa likatikisika, ikasikika sauti ya chuma kugonga chuma. Hatukushtuka, kwenye reli ya jirani walikuwa wakipanga mabehewa kila siku. Mwalimu akapandisha sauti, nasi tukaitikia. Inspekteri ndiye aliyekuwa akitazama ule ufa wa mlango. Aliona mashine ya kupakulia ikipita, halafu ghala likipita, halafu mti.

"Citoyen mwalimu," akasema taratibu, "darasa lenu linatembea."

Tukafungua mlango. Kalemie ilikuwa ikirudi nyuma, na ziwa pamoja nayo. Tukapiga ukuta, tukapiga sufuria, tukaita. Lakini sisi tulikuwa behewa la mwisho na mashinisti alikuwa mbele na injini yake. Treni ikashika bonde la mto Lukuga, polepole kiasi cha kuudhi na haraka kiasi cha kumzuia mtu kuruka, hasa mtu mwenye abakosti.

"Mume wangu atarudi atakuta jiko limezimika," mama mmoja akasema.

"Ataliwasha," akajibu jirani yake. "Hiyo njo elimu ya watu wazima."

Wakacheka mpaka yule wa kwanza naye akacheka. Inspekteri hakucheka. Alisimama mlangoni akishika chuma, mpaka treni iliposimama kwenye kituo kidogo kando ya mto, na msimamizi wa treni akaja akitembea juu ya kokoto.

"Nani amefunga behewa hili?" inspekteri akauliza.

Msimamizi akatazama mlango, akamtazama yeye. "Papa, limeandikwa Nyemba."

"Kuna watu ndani."

"Nawaona. Lakini mlango unasema Nyemba. Kama mulitaka kubaki Kalemie, mungeandika Kalemie."

"Na uliyaamini maandishi hayo?"

"Kwa nini nisiyaamini? Yanasomeka kuliko ya yule mwenzetu wa chaki."

Inspekteri akageuka. Sisi sote tukamtazama Mama Prezida, naye akatazama mto.

"Ni miye, Papa."

"Ulinakili mahali?"

"Ninakili wapi? Nyemba njo kwetu."

Msimamizi akasema kwamba anayetaka kushuka ashuke, ila treni ya kurudi itapita kesho, na pale kituoni hapakuwa na kitu zaidi ya kibanda na mbuzi. Inspekteri akamtazama mbuzi. Akarudi ndani, akavua viatu, akavipanga vizuri kando, akaketi.

Basi mtu aliyekuja na haraka akawa na siku nzima. Kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, akafanya kazi yake. Vitabu hatukuwa navyo, ila akina mama wengi walivaa vitenge vyenye maneno, kama ilivyokuwa wakati ule, na akamwamuru kila mmoja asome mgongo wa mwenzake.

"Simama vizuri nisome," mmoja akamwambia mwenzake.

"Treni njo inatikisika, si miye."

Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, alitazama mgongo aliopewa, akatikisa kichwa. "Papa, miye nimefika kwenye herufi ya L. Uniletee mgongo unaoishia hapo, nitakusomea." Inspekteri akainamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nadhani ndipo alipocheka mara ya kwanza.

Jua lilipokuwa juu, Mama Prezida akafungua kapu lenye ndakala za mwalimu za wiki ile. Mwalimu akaziaga kwa macho. Mwingine akatoa bukari baridi, ule ugali wetu, iliyofungwa kwenye majani, iliyokuwa chakula cha mtoto wake, na tukala wote kwa mkono. Inspekteri alisita kidogo, akanawa kwa maji ya chupa, akala. Baadaye akamuuliza mwalimu jinsi anavyofundisha kugawanya, akaelezwa habari za samaki, naye akabishana, mwalimu akabishana, wakasahau mahali walipo. Lakini neno la ruhusa hakulitaja, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mama Prezida alirudia kukunja ncha ya kitenge chake. Nilijua anachofikiri: mtu uliyemtoa kwake bila kumuuliza, ukamlisha bukari ya mtoto, unamwombaje tena?

Nyemba tulikuta watu wengi wamesimama kwenye reli, na mbele yao shefu wa kijiji. Alilitazama behewa, akawatazama wanawake wakishuka mmoja mmoja wakipangusa vumbi, akamtazama mwanaume aliyevaa abakosti na kushika viatu mkononi.

"Karibuni," akasema. "Lakini sisi tulingojea sementi ya dispansari."

Watu wakacheka. Inspekteri akavaa viatu bila haraka, akafunga kifungo cha shingoni.

"Shefu, mimi ni inspekteri wa elimu. Hili ni darasa la watu wazima la Kalemie, na niko katika kulikagua."

"Kulikagua mpaka huku?"

"Mpaka huku."

Nyuma yake Mama Prezida akasema, kwa sauti ndogo ambayo watu wote waliisikia, "Kwa hiyo tumekubaliwa, Papa?"

Inspekteri akageuka. Akamtazama yeye, akamtazama shefu, akaunusa mkono wake uliokuwa bado na harufu ya samaki.

"Mama, nimekwisha kulitaja mbele ya shefu," akasema. "Nikilikataa sasa, nitaeleza nini nilichokuwa nafanya mle ndani siku nzima?" Wakacheka tena. Akangoja wanyamaze. "Tena munasoma. Yule bibi wa herufi ya L, nitamngojea. Mumekubaliwa."

Vigelegele vilianzia kwa wale wa Kalemie, na wanawake wa Nyemba wakavipokea bila kujua vya nini. Mama Prezida hakupiga. Alikaa juu ya ngazi ya behewa, akafungua kitenge cha kichwani, akakifunga upya, akakifungua tena. Ndugu zake wakaja, wakamlalia begani. Siku ile tulikula kuku, na wanawake wa kijiji walipanda behewa kwa zamu, wakakaa juu ya mataruma, wakagusa ubao wa kifuniko, wakauliza inachukua muda gani mpaka mtu aweze kuandika jina lake.

Kesho yake tulifungwa nyuma ya treni ya kurudi. Wengi walilala juu ya mizigo ya mihogo tuliyopewa. Mimi nilikaa mlangoni, miguu nje. Ukweli ni kwamba treni ya upande wa pili, ile ya Kabalo, ilikuwa imenivuta, nami nilikuwa na kila kitu changu mfukoni. Lakini nilitaka kusikia mambo yatakavyokuwa. Maana Mama Prezida, aliyeogopa kuomba njia yote jana, sasa alikuwa amekaa mbele ya magoti ya inspekteri.

"Mataruma yanaumiza, Papa. Tunaomba mabenchi."

"Nitaona, Mama."

"Na ubao. Ubao mkubwa, wa kweli."

"Nitaona."

"Na mwalimu apate kitu pamoja na samaki. Na wale wa Nyemba nao wanataka darasa lao; niliwaambia utawapa."

Inspekteri akanyoosha shingo kuelekea kwangu mlangoni.

"Kijana, Kalemie bado mbali?"

Nikatazama mto. "Bado sana, Papa."

"Vizuri," akasema Mama Prezida, na akasogeza kapu ili akae vizuri zaidi. "Sasa tuseme habari za paa."