Bi Kata na Kofia ya Babu

Mtoto wa jirani yetu wa zamani kule Temeke alinipigia simu, akasema wanasafisha nyumba ya marehemu mama yao na wamekuta mikanda ya video kabatini, na mmoja umeandikwa kwa kalamu, "Bi Kata, msifute." Mwenzangu, nilicheka peke yangu barabarani mpaka watu wakanigeukia. Nikaenda kuuchukua siku hiyohiyo. Deki nzima ya kuchezea mikanda siku hizi utaitoa wapi, basi nikaupeleka Kariakoo kwa kijana mmoja anayehamisha video za harusi za zamani, akanitilia kwenye flashi. Jumapili nikamkalisha binti yangu kwenye kochi, hapa kwetu Chanika, nikamwambia leo utaona kipindi cha watoto cha kweli, siyo hayo makatuni yenu ya kupiga kelele.

Kama ulikuwa mtoto wa Dar miaka ile televisheni ndiyo kwanza inaingia, huenda unamkumbuka Bi Kata. Kikaragosi cha bibi mwenye nyumba, kibonge, mguu mmoja unatangulia na mwingine unafuata kama umelazimishwa. Ana nyumba ya vyumba sita na wapangaji wakorofi, nao vikaragosi kama yeye. Kila Jumamosi jioni wapangaji wanafanya vituko, Bi Kata anawatolea maneno, na mwisho wote wanakula sinia moja. Basi. Ndiyo hiyo tu, na ilitutosha wiki nzima.

Ila sie hatukuwa watazamaji kama wengine. Bi Kata alizaliwa uani kwetu.

Mie nililelewa na bibi, mzaa mama. Nyumba yake ilikuwa na vyumba sita, korido katikati, na nyuma ua wenye jiko la kuni, pipa la maji na kamba ya nguo. Bibi alikuwa akichoma vitumbua vya kuuza asubuhi, na kazi yangu ilikuwa kukuna nazi. Nikirudi shule nakuta mbuzi keshatengwa na nazi zimeshavunjwa, nakaa, nakuna, mkono ukichoka nabadilisha. Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki kwenye mafuta ya moto namsikia bibi akinihimiza. Jioni akipika mchuzi alikuwa akidondosha tone kiganjani, analamba, anafumba jicho moja, halafu anasema, "Bado haujasema." Mchuzi wa bibi ulikuwa lazima useme ndipo uipuliwe.

Chumba cha tatu alipanga kijana wa Kinyamwezi, kutoka Tabora, mchoraji wa mabango ya maduka. Bibi alikuwa Mzaramo. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na hilo lilimtosha yule kijana kuwa mtu wa nyumbani. Anatoka chumbani asubuhi, anatoa shikamoo yake vizuri, halafu anaanza: "Bibi, bado upo tu? Mie nilishanunua sanda." Bibi wala hageuki kwenye kikaango. "Nakusubiri utangulie, mtani, ukanifagilie." Ndiyo ilikuwa chai yao. Ila bibi hakumruhusu kula gengeni hata siku moja, na alipolazwa na malaria ni bibi aliyempelekea uji hospitali, akiuburuta mguu wake mbovu.

Alipoanza kutengeneza vikaragosi alimwomba bibi vifuu vya nazi. Vifuu vilikuwa vya kuwashia moto, lakini bibi akamwekea vile vya mviringo mzuri. Kile kilichokuwa kichwa cha Bi Kata nazi yake niliikuna mie. Gauni na mtandio vilikatwa kwenye kanga kuukuu ya bibi, na bibi mwenyewe ndiye aliyeshika mkasi. Onyesho la kwanza lilikuwa hapohapo uani, shuka imetundikwa kwenye kamba, watoto wa mtaa tumekaa chini kwenye mchanga. Baada ya muda watu wa televisheni wakamwita, na ghafla kijana wetu wa chumba cha tatu akawa mtu wa kuulizwa habari dukani.

Televisheni ilikuwa kwa jirani, yule ambaye mkanda wake umenifikia. Unanawa miguu bombani, unaingia, unakaa mkekani, na usiguse pazia. Bibi pekee ndiye aliyewekewa kiti. Jumamosi ya kwanza, Bi Kata alipolamba kiganja na kusema bado haujasema, sebule nzima iligeuka kumtazama bibi. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Kesho yake akamwambia mtani wake, "Umeninyima meno, mbona mie ninayo?" Naye akajibu kwamba yapo lakini hayafanyi kazi. Watoto wakaanza kumwita Bi Kata njiani, naye anaitika, anawauzia vitumbua. Mie nilitembea kifua mbele. Miaka yote hii, popote kipindi kile kilipotajwa, nimekuwa nikisema kwa majigambo: yule mtengenezaji alikuwa mpangaji wetu, mtani wa bibi yangu.

Basi Jumapili tukakaa, mie na binti yangu na bisi kwenye bakuli. Picha inacheza, sauti inakwaruza, lakini Bi Kata yuleyule. Nilifurahi jamani, sikufichi. Hadithi ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha. Ya tatu ikaanza na Bi Kata yuko peke yake chumbani, alfajiri.

Anatungua kofia ukutani, kwenye msumari. Anaikung'uta vumbi mara mbili kwa kiganja, anaipuliza, anaiweka gotini. Halafu anaiambia, "Mwenzangu, umeamkaje? Mie mguu haukulala."

Hapo nikaliweka bakuli la bisi chini.

Nyumba zetu zile unazijua. Kuta za vyumba haziendi mpaka juu. Juu ni wazi, chini ya bati, ukikohoa chumba cha kwanza unapewa pole na chumba cha nne. Chumba cha bibi na cha tatu vilipakana. Mie nilikuwa nalala kitanda kimoja na bibi, upande wa ukutani, na kila alfajiri akishaswali nilimsikia usingizini akitungua kofia ya babu, kofia ya kiua iliyofifia, anaikung'uta na kumpa habari. Babu alifariki kabla sijazaliwa. Anamwambia nani mgonjwa, mie nimefaulu hesabu, mvua imevujia wapi. Siku za baridi anamwambia, asogee. Ndiyo saa pekee katika siku nzima ambayo bibi alisema bila mzaha. Mie mtoto nilijua kwamba hilo halitolewi nje, na wala hakuna aliyenikataza. Mwingine wa kulisikia alikuwa mmoja tu, upande wa pili wa ukuta.

Na yote yalikuwa mle. Mguu haukulala. Mvua imevujia. Sogea, nasikia baridi. Halafu kikaragosi cha mpangaji kinachungulia juu ya ukuta, kinashika mdomo, kinakimbia kuwaita wenzake, wanakuja kumpigia vigelegele bibi aliyeolewa na kofia. Kisha kofia inajibu, kwa sauti nzito ya kilevi. Watoto waliokuwa studio wanasikika wakicheka mpaka wanakohoa. Binti yangu naye alianguka kutoka kwenye kochi kwa kucheka.

Ndipo Jumamosi ile ya kofia, ya utotoni, ikanirudia. Sebule nzima ilicheka, na mie nikiwemo. Bibi aliinuka kwenye kiti chake, akasema mwanga wa televisheni unamuumiza macho, akatoka. Tukamwamini. Hakurudi tena kwa jirani, kila Jumamosi alisema, "Nendeni, mtanihadithia." Na alfajiri nilipozinduka nikasikia akimaliza kuswali, halafu kimya, halafu kuni zinavunjwa. Msumari ukabaki mtupu. Nikadhani ni uzee.

Asubuhi ya siku iliyofuata yule kijana alitoka chumbani kama kawaida, akaamkia, akauliza, "Bibi, ya jana umeionaje?" Nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi, nikisubiri jibu, maana jibu la bibi lilikuwa utamu wa siku. Bibi akasema, "Marahaba, baba." Akageuza kitumbua. Hakusema mtani. Na tangu siku ile sikumsikia akimwita mtani tena, ila sikulishika hilo mpaka Jumapili nilipokaa kwenye kochi langu mtu mzima.

Utani, mwenzangu, ni wa ana kwa ana. Unanitupia, nakutupia, tunakula. Sasa bibi yangu angemjibia wapi? Yule alikuwa ndani ya kioo na nchi nzima inacheka naye. Na asiniambie mtu kwamba ni ujana. Alijua. Aliyekulia kwenye utani anajua kwamba mtani asipokujibu, umemuumiza. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walisema kweli, ila wetu alikuwa ukutani.

Miezi michache baadaye akahamia Kinondoni, mambo yamemnyookea. Bibi akamfungia vitumbua kwenye gazeti, kwa sababu hakuna mtu aliyetoka nyumba ile na njaa. Mie nililia. Bibi alisimama mlangoni mpaka mkokoteni wenye godoro ukapinda kona.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Kwetu msibani mtani ana kazi yake, na hiyo kazi hafanyi mwingine. Anavaa kanga ya marehemu, anatembea kama marehemu, anasema maneno yake, anawadai wafiwa hiki na kile, na waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka. Ndiyo heshima ya mwisho. Mjomba akatumwa Kinondoni kumpa habari. Akarudi na jibu kwamba amesikitika sana, lakini ana kipindi cha kurekodi. Mama mdogo alikuwa ameshaitoa kanga ya bibi na kuiweka kwenye kiti, tayari. Wazee wakauliza, mtani wake yuko wapi? Wakauliza tena. Jeneza likatoka, na kanga ikabaki kwenye kiti, imekunjwa.

Alimwiga bibi akiwa hai, watu wakamlipa. Siku ambayo ilikuwa haki ya bibi kuigwa, hakuja. Na mie nikamtetea: mtu wa kazi, jamani, mtu wa televisheni.

Tulipofungua sanduku la bibi tulikuta kofia chini kabisa, imefungwa kwenye gazeti. Nondo walikuwa wameimaliza. Haikuwa na wa kuikung'uta.

Nyumba ile iliuzwa, pale sasa kuna fremu za maduka. Hapa Chanika kuta zetu zinafika juu kabisa, jirani yako akifa chumba cha pili utajulishwa kwa simu. Na kinachonichoma zaidi ni hiki: bibi hakuwahi kurekodiwa popote, picha yake ni moja, amesimama kama mlingoti. Nikitaka kumwona anatembea, anaonja mchuzi, sina pengine pa kwenda ila kwenye mkanda ule. Mwizi ndiye aliyetutunzia.

Binti yangu alijiinua sakafuni, akaniomba nirudishe pale pa kofia. Nikakataa. Akasema lakini ndipo pazuri kuliko pote. Nikamwambia pale ni chumbani kwa bibi yangu, na bibi hakutukaribisha.

Akapanda tena kwenye kochi. "Sasa nani alituingiza?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, lilelile la miaka yote, mtani wa bibi yangu, nikalimeza.

"Mpangaji tu, mwanangu," nikamwambia. "Wa chumba cha tatu."