Kigari Nje ya Mkahawa

Tangu nirudi kutoka Denmark, kila mteja anayekuja kupimwa gauni ananiuliza habari za theluji. Theluji sikuiona. Nilifika ikiwa imekwisha kuyeyuka, imebaki baridi yenyewe, ile ya kuuma masikio. Lakini nikiwaambia nilichokiona wanaacha kupumua, na hapo ndipo ninapowapima kiuno sawasawa. Niliona watoto wachanga wamelazwa kwenye vigari vyao nje ya mkahawa, kando ya barabara, na mama zao wako ndani wanakunywa kahawa.

"Eish, mama! Peke yao?"

Peke yao kabisa.

Huwezi kuelewa nilivyoshtuka mpaka ujue ninakoishi. Ninashona nguo Bertrams, Johannesburg, si mbali na uwanja wa michezo. Mlango wangu una geti la chuma, geti lina kufuli, na kufuli hilo hufungwa hata mteja akiwa ndani anajitazama kwenye kioo. Mume wangu analinda magari kwenye maegesho ya maduka kule Randburg. Huvaa fulana ya manjano inayong'aa, na mwenye gari akishuka humwonyesha vidole viwili: anavigusisha chini ya macho yake, kisha anavielekeza kwenye gari. Maana yake ni kwamba nenda kanunue vitu vyako, niko naangalia. Kazi hiyo ndiyo iliyowalea watoto wetu. Sasa kama hapa hata gari, lenye milango na king'ora, haliachwi bila mtu, wewe niambie kuhusu mtoto.

Aliyenifikisha Denmark ni mdogo wangu. Tulitoka Bukavu, Kongo, pamoja wakati wa vita, mimi msichana mkubwa, yeye mtoto wa mgongoni, mama yetu amekwisha kufa. Njiani nilikuwa na sheria moja tu: hashuki mgongoni. Wenzangu walipowalaza watoto wao kwenye majani wapumzike, mimi nilijiegemeza na mti, naye juu yangu. Niliona mtoto mmoja alivyopotea watu walipoamka na kuanza kukimbia, na sitaki kusema zaidi ya hapo. Tulifika kambini. Akakulia huko. Alipokuwa msichana wa kujitegemea, maisha yakatugawa: mimi nikashuka kusini na mume wangu, yeye akachukuliwa na wale wanaohamisha wakimbizi, akapelekwa Ulaya.

Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, alinipigia simu akilia.

"Dada, mi sijui kulea. Nakutaka weye tu. Kuya unifundishe."

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na mtoto huyu hakuwa na bibi wa upande wowote aliye hai. Nani mwingine angekwenda? Nilifunga mashine yangu, nikapakia vitenge, unga wa uji na sambaza waliokaushwa, vile visamaki vyetu vya ziwani. Nilikuwa na hakika ya jambo moja: mdogo wangu ameniomba nimfundishe kuwa mama, na sitarudi mpaka amejua.

Siku za kwanza mwanafunzi nilikuwa mimi. Kuuliza si ujinga, na mimi niliuliza mpaka shemeji yangu, Mrundi mpole anayeendesha basi, akawa anaondoka kwenda kazini mapema. Kwa nini nyumba hazina ukuta? Kwa nini madirisha hayana vyuma wala mapazia, nami napita naona familia nzima inakula viazi? Nani anailinda ile meza ya mboga pale barabarani, yenye sanduku la kutia hela na hakuna mwuzaji? Jibu lilikuwa lilelile: hakuna mtu. Kwenye robot, yaani taa za barabarani kama tunavyoziita huku Johannesburg, niliwakuta watu wazima wamesimama wakingoja taa ibadilike, na barabara tupu pande zote. Nilivuka. Bibi mmoja mwenye mbwa akanitikisia kichwa, na mbwa pia akanitazama vibaya.

Yote hayo niliyapenda, sisemi uongo. Nilikuwa natoka nyumbani kwa mdogo wangu asubuhi kutazama tu, mkono mmoja mfukoni, simu nimeishika waziwazi kwa sababu tu inawezekana. Ila kulikuwa na ile habari ya mtoto.

Baada ya kumnyonyesha, mdogo wangu alimvisha sufu juu ya sufu, akamlaza kwenye kigari kirefu chenye kifuniko cha kijani, akakisukuma nje kwenye kibaraza. Kisha akarudi ndani na kufunga mlango wa kioo.

"Mutoto umemusahau inje," nikamwambia.

"Hapana, dada. Huku banalala inje. Hewa ni muzuri. Hata muuguzi mwenye kutembeleaka wazazi alisema vile."

Nikavaa koti, nikachukua kiti, nikaenda kukaa kando ya kigari. Jirani akapita, akanisalimu, nikamjibu kwa kichwa. Nilikaa mpaka pua ikafa ganzi. Mtoto, nasema ukweli, alilala usingizi ambao watoto wangu mimi hawakuwahi kuulala.

Kisha akanipeleka mkahawani, kukutana na wenzake waliojifungua wakati mmoja naye. Nje ya mlango vigari vilikuwa vimepangwa kwa mstari, na ndani ya kila kimoja kuna uso mwekundu umelala. Mdogo wangu akaweka cha kwake mwishoni, akaingia. Mimi sikuingia. Nilisimama pale mbele, miguu nimeitanua kidogo, mikono nyuma, kama mume wangu anavyosimama Randburg. Mama mmoja alipotoka na kuniona, akasita. Nikamwonyesha vidole viwili chini ya macho yangu, kisha nikavielekeza kwenye kigari chake. Nilitaka kumtoa wasiwasi. Alinitazama, akatabasamu kwa shida, akachukua mtoto wake na kuondoka mbio mbio.

Mdogo wangu alitoka akiwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Dada! Umekuya kufanya kazi ya shemeji ya Randburg huku?"

Ukifika nchi ya chongo, fumba lako jicho. Safari iliyofuata niliingia. Nilikaa mezani na wale akina mama, nikanywa kahawa chungu, nikala keki ya mdalasini, nikacheka walipocheka ingawa sikuelewa kitu. Mdogo wangu alikuwa amekaa ndani kabisa, karibu na mashine ya kahawa, mgongo kwenye dirisha. Nilimtazama na kumwonea fahari. Anasema lugha yao kama maji, mikono yake imelala juu ya meza. Mimi mikono yangu ilikuwa magotini, nimekunja kitenge changu.

Nikaaga kwamba nakwenda msalani. Miguu ikanipeleka nje.

Mtoto alikuwa macho. Mkono wake mmoja ulikuwa umetoka kwenye sufu, nikaugusa, baridi. Sikufikiri hata kidogo. Nilimtoa, nikainama, nikamrusha mgongoni, nikafunga kitenge, nikavaa koti langu kubwa juu yake. Kwenye kona kulikuwa na kipande cha jua. Nikakifuata, nikizunguka mkahawa taratibu, nikimwimbia ule wimbo wa kubembeleza niliomwimbia mama yake. Alilala hapo hapo. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nishuke kwenye ndege. Nikajiambia, sasa ndiyo namfundisha.

Ndipo nikasikia sauti. Mdogo wangu, ambaye hata usingizini anaota kwa Kidenishi, alikuwa anapiga kelele kwa lugha ya nyumbani.

"Mutoto wangu! Mutoto wangu iko wapi?"

Nilipotokea kwenye kona alikuwa amelipindua blanketi, amelishika mkononi, na kigari kiko tupu mbele yake. Akina mama wote walikuwa wamekimbilia nje. Kila mmoja alikuwa amemtoa mwanawe kwenye kigari na kumkumbatia, na watoto walioamshwa ghafla walikuwa wanalia wote pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, mlango wa mkahawa ule ulionekana kama milango yetu ya Bertrams, kila mtu ameshikilia chake.

"Niko naye," nikasema. "Niko naye hapa, mgongoni."

Alinizunguka, akaanza kufungua fundo la kitenge. Fundo likakataa. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma mkono. Alipompata mtoto akakaa naye chini, pale pale barabarani.

"Miaka yote niko hapa," akasema bila kunitazama, "sikuogopaka. Leo ndiyo nimeogopa. Leo tu, dada."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wangu hakupona. Niliona aibu mpaka nikatamani kupanda ndege saa ile ile. Nilikuwa na jibu, kwamba mtoto hakuwahi kuwa salama kuliko alipokuwa mgongoni kwangu, lakini niliwatazama wale wanawake na watoto wao wanaolia, nikaokota blanketi na kulikunja.

Jioni tulikuwa nyumbani. Nilikuwa napika ugali, yeye amekaa jikoni ananyonyesha.

"Mi nakumbuka mugongo yako," akasema. "Wanasema mutoto mudogo hakumbuke, lakini mi nakumbuka. Nilitaka kushuka. Nilikuwa nataka nicheze na benzangu chini. Weye haukunishusha."

"Nilikuwa naogopa."

"Najua, dada. Ndiyo niko muzima. Lakini huyu nataka awekwe chini, alale."

Nikaendelea kusonga ugali, maana ugali haungoji mtu amalize kulia. Siku zilizobaki nilimfundisha vingine: kumkanda mtoto kwa maji ya moto, kumnyoosha viungo, uji wa kuongeza maziwa, namna ya kulifunga tumbo lake mwenyewe. Mtoto alikwenda nje kulala kila mchana, nami nilibaki upande wa ndani wa mlango wa kioo. Tuliagana vizuri. Lakini ndani ya ndege nilijiuliza kama kweli nilikuwa nimemfundisha kitu chochote.

Nilipata jibu miezi kadhaa baadaye, hapa Bertrams. Kwao yalikuwa majira ya joto, na wakati huo saa zao na zetu huwa sawasawa. Alinipigia simu ya video akiwa mkahawani. Nilifurahi kuona meza ile, nikauliza habari za mtoto, jino, kutambaa. Alinijibu, lakini macho yake yalikuwa yanakwenda pembeni, yanarudi, yanakwenda tena.

"Unaangalia nini?"

"Hakuna kitu."

Nikatazama vizuri. Nyuma yake hapakuwa na mashine ya kahawa. Alikuwa amekaa dirishani, peke yake, ameugeuza mgongo kwa wenzake. Nikawasikia wakicheka mbali. Kahawa yake ilikuwa imejaa bado na imeganda utando juu.

"Kwa nini hauko kule kwenye unakaaka?"

Akasogeza kikombe pembeni. "Tangu siku ile, dada, siwezi. Najaribu. Roho inakataa."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini huyu hakuumwa huko, mimi ndiye niliyembebea nyoka kutoka mbali, nimemfunga kwenye kitenge. Aliniomba nikamfundishe, na katika yote niliyomfundisha, hili ndilo lililomwingia. Iliniuma sana. Kisha nikakasirika, na mimi nikikasirika huwa nafanya kazi.

"Weka simu kwa dirisha," nikamwambia. "Geuza ione kigari."

"Dada, vraiment, kweli..."

"Mi ni mukubwa yako. Weka. Weye enda ukae na benzako. Mi niko naangalia."

Alicheka, akadhani natania. Sikucheka. Basi akaiegemeza simu kwenye kioo, na hapo nikakiona: kifuniko cha kijani, wavu wa kuzuia wadudu, mguu mmoja mdogo wenye soksi. Nikasikia kiti kikivutwa, kisha hatua zake zikienda ndani.

Nikaiweka simu yangu juu ya mashine ya kushonea, nikaiegemeza kwenye kijiti cha uzi. Baiskeli ikapita. Kunguru akatua, akaruka. Mume wangu aliingia akitoka Randburg, fulana yake ya manjano bado mwilini, akauliza mbona nimeacha kushona. Nikamwonyesha vidole viwili chini ya macho yangu, kisha nikavielekeza kwenye simu. Aliinama, akatazama, akaelewa. Akavuta kiti, akakaa kando yangu.

Mbali, karibu na mashine ya kahawa, nikaisikia sauti ya mdogo wangu imechanganyika na za wenzake, akisimulia jambo kwa lugha yao, wakacheka wote.

Mteja akatikisa geti. Nikamwambia arudi baadaye, niko kazini.