Siku Niliyofunga Simu ya Tata

Mimi huongea kidogo. Nyumbani wanajua, shuleni wanajua, hata kwenye ripoti mwalimu wa darasa huandika kila muhula kwamba mimi ni mwanafunzi mtulivu, na mama huisoma kwa sauti kama sifa. Si sifa. Maneno hunifika mdomoni yakiwa yamechelewa, na wakati huo watu wameshaingia mambo mengine. Ndiyo maana naandika. Lakini hii sijaiandika mahali popote hadi leo, na nimechoka kutembea nayo.

Ilikuwa likizo ndefu, nikitoka kidato cha tatu kuingia cha nne. Laptop yetu ilikuwa imekufa nusu. Mama aliinunua kwa mtu ikiwa imeshazeeka. Ukiiwasha asubuhi inafunguka wakati umemaliza kuosha vyombo, halafu inasema inataka kujisasisha, halafu inaganda na mshale katikati ya kioo. Na siku ya kufunga shule mwalimu wa kompyuta alikuwa ametuambia kila mtu arudi na hatua ya kwanza ya mradi wake wa mtihani, imechapwa. Kompyuta za shule zinazowaka ni tano, na sisi ni darasa zima.

"Atakayekuja Januari mikono mitupu atanisamehe," alisema, "lakini atavuka hapo ng'ambo akafanye somo la Biashara."

Alisema akinitazama, ama ni mimi nilifikiri ananitazama. Hilo ndilo somo langu moja ambalo halitaki uinue mkono. Unakaa na mashine, unaiambia kitu, inafanya ama inakataa, na haikucheki. Wakinitoa huko sijui wangeniacha na nini.

Ni mwalimu huyo aliyetuandikia ubaoni jina la mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ule mwepesi, ambao ukiuweka kwenye mashine ya zamani inaamka. Unaupakua kwenye mtandao, unauweka kwenye flashi, basi. Uzito wake gigi mbili na nusu. Alisema "basi" kama mtu ambaye kwao kuna intaneti.

Kwetu Ruring'u, Nyeri, simu ya mama ni kabambe, ya kupiga na kupokea tu. Nilienda saiba, duka la intaneti, mara mbili. Mara ya kwanza nilisimama mlangoni hadi mwenye saiba akaniuliza, "Na wewe mrembo, unataka nini?" Nikasema nataka kalamu. Nikanunua kalamu. Mara ya pili nilisema nilichotaka, nikiangalia sakafu, akaweka miwani juu ya kichwa.

"Gigi mbili na nusu? Na hawa wateja wangu wakae wakiangaliana?"

Nikarudi nyumbani na kalamu ya pili.

Wiki hiyo tata akapiga. Tata ni dadake mama, ameolewa Mwea, ana shamba la mpunga na kibanda cha kuuzia mchele mjini Wang'uru. Mpunga ulikuwa umeiva, unangoja mashine ya kuvuna, na ndege walikuwa wameujua. Alitaka mtu wa kufukuza ndege. Mama akanitoa.

Tata huniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nina jina la mama yao. Si utani. Akiniletea chai huniletea kwa mikono miwili. Tangu nikiwa mdogo sijawahi kumsikia akinigombeza, kwa sababu mtu hagombezi mama yake. Aliponiuliza nitataka nini kwa kazi hiyo, nikasema bando la intaneti. Akacheka.

"Wasichana wengine wanataka nywele. Haya maitu, nitakuwekea bando. Gigi nne zinatosha?"

Zilitosha. Na Mwea ni tambarare, mnara wa simu unauona ng'ambo ya mashamba kama mtu amesimama anakungoja. Laini yake ilishika kuliko mahali popote nilipowahi kushika simu.

Siku ya kwanza alinipeleka kwenye tuta linalogawa shamba lake na la jirani, akanipa debe la kupigia kelele, chupa ya maji, leso, na simu yake.

"Sikiza vizuri," aliniambia. "Mashine inaenda kwa foleni, na sisi ndio tunafuata. Mwenye mashine akipiga, unashika. Unamwambia uko kwenye tuta karibu na daraja la mfereji, unapunga leso, anaingia. Ukikosa hiyo simu atapita aende kwa yule mwingine, na yule ako na ekari nne. Sasa huyo akianza, tutakula nini, maitu, mabua?"

Nikasema sawa. Tata akaenda kibandani kwake.

Kufukuza ndege ni kupiga kelele. Hakuna mtu alikuwa ameniambia hivyo kwa maneno hayo. Wanakuja wengi kama vumbi, wadogo, wanashuka pamoja, na ukinyamaza unasikia midomo yao ikipasua punje. Mimi nilipiga debe. Niliruka. Nilipunga leso. Sauti ilikataa. Mzee wa shamba la jirani, ambaye alikuwa na kombeo na matope yake, alinitazama kwa muda mrefu.

"Wewe wa Nyeri," akaita, "unawafukuza ama unawaombea?"

Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa gamba, buti za mpira zisizo na kamba.

Saa nne jua likiwa kali ndege hupumzika kidogo. Hapo ndipo nilianza kupakua. Nilikaa kwenye tuta na simu ndani ya kofia ili isipigwe na jua, nikaangalia namba ikipanda. Asilimia kumi. Ishirini. Mgongo ulikuwa unawaka, lakini nilikuwa na furaha ya pole pole, kama unapotazama maji yakikaribia kuchemka. Ilipofika thelathini na nane simu ikalia. Alikuwa tata, kutoka simu ya jirani yake wa kibanda.

"Umekula, maitu?"

"Nimekula."

"Na maji?"

"Nimekunywa."

Simu ile ni ya zamani kidogo. Ukiongea, mtandao unakatika. Nilipokata, pale kwenye namba paliandikwa imeshindwa. Nilijaribu kuiendeleza ikakataa, ikataka kuanza kwa sifuri. Gigi moja hivi ilikuwa imeshaliwa bure. Zilibaki tatu, nami nilihitaji mbili na nusu. Nilipiga hesabu hiyo kwenye kiganja kwa kalamu yangu ya saiba, ingawa haikuhitaji kuandikwa. Ilibaki nafasi moja. Simu ikilia tena kazi imekwisha, na singemwomba tata bando la pili.

Usiku huo sikufikiria chochote cha maana. Nililala.

Siku ya pili saa nne, ndege walipotulia, niliingia kwenye mipangilio ya simu nikatafuta mahali pa kuzuia simu zinazoingia. Pako. Watu wengi hawajui. Nikazuia zote, nikaanza kupakua. Nilijiambia ni muda wa saa mbili tu, na kwamba kwa saa mbili mwenye mashine hawezi kupiga, kwa sababu jana hakupiga. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini nikisema ukweli, nusu ilikuwa huo mfumo na nusu ilikuwa uoga. Tangu tata anipe ile simu nilikuwa nikifikiria itakavyolia, mwanaume nisiyemjua aseme haloo, nami nieleze njia. Nilipoifunga, nilipumua vizuri mara ya kwanza kwa siku mbili.

Ilikuwa asilimia sabini na moja nilipoona mashine. Ilikuja pole pole kwenye barabara ya ng'ambo ya mfereji, kubwa, imejaa tope magurudumuni, ikasimama pale darajani. Daraja letu. Mwanaume aliyekuwa juu yake aliweka simu sikioni. Akaitoa, akaitazama, akaiweka tena.

Hapo kulikuwa na kama mita mia moja hivi kati yetu. Ningepiga kelele angesikia. Ningepunga leso angeona, leso ilikuwa shingoni mwangu. Nilisimama. Nilifungua mdomo, naapa nilifungua, na nikaangalia ndani ya kofia, ikawa sabini na mbili. Nilipoinua macho mashine ilikuwa imeshaanza kugeuka kuelekea kwa mwenye ekari nne.

Mzee wa jirani alikuwa ameona yote. Alichukua tope, akalifinyanga, akalirusha mahali hapakuwa na ndege.

Saa nane kasoro ikamaliza. Asilimia mia. Faili zima, limekaa kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, na sikuhisi kitu. Nilifungua simu na ujumbe ukaingia kwamba namba fulani ilikuwa imenitafuta mara tano.

Tata alikuja jioni na chapati kwenye karatasi. Aliangalia mpunga ukiwa bado umesimama.

"Hajapiga?"

Ningeweza kusema la. Ingekuwa neno moja, na mimi hupenda neno moja.

"Alipiga," nikasema. "Nilikuwa nimefunga simu."

"Charge iliisha?"

"Hapana. Nilifunga isiingie. Nilikuwa nadownload ile kitu ya shule."

Tata alikaa chini kwenye tuta, akaweka chapati kando. Ng'ambo tulisikia mashine ikivuna kwa yule mwingine.

"Na iliingia?"

"Iliingia."

"Basi ni vizuri," akasema. "Angalau kuna kitu kimeingia."

Halafu akaniita kwa jina langu. Si maitu. Jina langu kamili, lile la kwenye ripoti, akaniambia niamke saa kumi na moja kesho, kwa sababu sasa ndege watakuwa wetu peke yetu, mashamba mengine yote yanamalizwa kuvunwa.

Alisema kweli. Zile siku nne zilizofuata nilichoka uchovu ambao sijui kuuandika. Walikuja kutoka kila upande, kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda. Siku ya kwanza nilipiga debe hadi likapasuka. Siku ya pili, hata sikukusudia, nikiwa nimeona wameshuka kwenye kona ya mfereji na siwezi kufika kwa wakati, sauti ikatoka. Haikuwa neno. Ilikuwa kama ya mtu aliyekanyagwa. Ndege waliinuka wote.

"Kumbe iko," mzee akasema kutoka kwake. Alikuwa ameshavuna kwa mundu, alikuja tu kukusanya mabua ya ng'ombe. "Tulikuwa tunadhani ilibaki Nyeri."

Kuanzia hapo nilipiga kelele kutwa. Kona ya mfereji waliila hata hivyo, mashuke yakabaki yamesimama wima, mepesi, hayana cha kuyainamisha. Jioni tulikula na tata bila maneno mengi. Hakunigombeza hata mara moja. Alinipa chai kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika sufuria.

Simu ilikuwa mfukoni mwangu, wazi. Siku ya nne ililia, nikaishika mlio wa kwanza.

"Haloo," yule mwanaume akasema. "Haloo? Ongea, sikusikii."

Sauti ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nakwaruza tu. Nikaanza kukimbia juu ya tuta na simu sikioni, gamba moja likabaki kwenye tope, nikafika darajani nikipunga leso kwa mkono mzima. Alinitazama kutoka juu ya mashine, akakata simu.

"Ni wewe ulikuwa umezima siku ile?"

"Ni mimi."

"Nilipiga mara tano."

"Najua."

Akatikisa kichwa, akaingia shambani. Kazi yenyewe haikuchukua hata nusu ya asubuhi. Tata alifika mwisho, akayaangalia magunia, akaiangalia ile kona, kisha akaanza kushona midomo ya magunia kwa sindano kubwa, nami nikamshikia.

Niliporudi Ruring'u nilienda saiba na kadi ya simu ya tata, nikamwambia mwenye miwani ninachotaka, chote, kwa ile sauti ya kukwaruza. Aliinama juu ya meza ili anisikie. Akaniandikia ule mfumo kwenye flashi bila kuniuliza swali. Nyumbani laptop iliamka. Inafunguka hata kabla sijavuta kiti. Mradi wangu niliufanya wa foleni ya mashine ya kuvuna, nani anafuata nani, na kuna safu ya kuandika kama mwenye shamba alishika simu ama hakushika. Mwalimu aliusoma akiwa amesimama, akauliza hiyo safu ya mwisho niliitoa wapi. Nikasema kwa tata. Sikuvuka kwenda Biashara.

Mchele anaotupatia tata kwa kawaida hutufikisha mbali. Mwaka huu uliisha mapema. Jumapili moja mama alikuwa anapika ule wa mwisho, tata akapiga, wakaongea, halafu mama akanipa simu.

"Ile kitu yako inafanya kazi?" tata akaniuliza.

"Inafanya, tata."

"Haya." Akaniita kwa jina langu, akasema nisome kwa bidii, akakata.

Mama alikuwa amesikia. Alichukua simu, akaipangusa kwenye aproni ingawa haikuwa chafu.

"Siku hizi anakuita jina," akasema. "Kwani mlikosana?"

Nilikuwa na jibu, na kwa mara hii halikuwa limechelewa. Lakini wali ulikuwa umeanza kushika chini, harufu ilikuwa imejaa jikoni, nikamwambia kuhusu wali.