Mwalimu Mkuu wa Palizi

Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikaoga, nikavaa viatu vya kazini, nikakaa sebuleni nimepakata mkoba. Ilipofika saa moja na nusu nikakumbuka kwamba hakuna mwalimu wa kuchelewa wala mwanafunzi wa kusimamishwa getini. Nikatoka nje nikawakaripia kuku.

Nilikuwa nimefundisha miaka thelathini na miwili, mwanzo Kasulu, baadaye Kibondo, na mingi ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu. Kwetu ni Singida. Binti yangu anayeishi huko alitaka nirudi mara tu nilipokabidhi ofisi, na hoja alikuwa nayo: baba yao alishatangulia mbele ya haki, na huku sina hata shangazi. Nikamjibu kwamba nina ekari moja na nusu njia ya Mabamba, nitakuwa mkulima. Alicheka kwenye simu kupita adabu. Kwa hasira nikaapa kwamba nikishindwa kuvuna maharage ya msimu huu, nitafunga mizigo nirudi bila kubembelezwa.

Huko njia ya Mabamba kuna akina mama wanane wanaolimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mzunguko utimie. Kiongozi wao alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana. Sasa ni raia, ana migomba na wajukuu. Watoto wake wote walipita shuleni kwangu, nami nilishamsimamisha mlangoni mwa ofisi mara nyingi nikimhubiria kuhusu sare. Alinipokea kikundini bila kinyongo. Akapendekeza zamu ya kwanza iwe kwangu, kwa kuwa mimi ni mgeni.

Neno hilo lilinichoma. Miaka yote hiyo nilifundisha watoto kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sikuwahi kujiuliza siku yangu ya tatu iliangukia wapi.

Walikuja mapema, majembe begani. Kwa desturi yao mwenye shamba ndiye anayepiga jembe la kwanza, kisha wanajipanga mstari mmoja, kila mtu anashika ngwe yake, kipande cha upana anaouweza. Mimi nilikuja na daftari, mwavuli na futi ya fundi. Niliita majina. Nikapima ngwe nane, zote sawasawa, nikasimama pembeni. Ndivyo nilivyojua kufanya kazi: wengine wanafanya, mimi naangalia kama wamefanya.

Kulikuwa na bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, mwenye mgongo mbovu. Alibaki nyuma. Jirani yake alipomaliza ngwe yake akageuka kumsaidia, na hapo nikajisikia nikisema kwa sauti yangu ya siku za mtihani, "Mwache. Kila mtu na ngwe yake."

Yule jirani alinitazama, akamtazama kiongozi. Kiongozi akaendelea kulima. Bibi akalima peke yake mpaka jua likawa utosini, wenzake wamekaa wanamngoja, ugali wangu wa muhogo na dagaa wa mawese vikipoa. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaandika kwenye daftari kwamba nidhamu ni nzuri.

Zamu za wengine sikuzikosa, ila sijui kama nilisaidia. Nilikuwa nalima hatua tano, nashika kiuno, kisha naanza kutoa ushauri.

Maharage yakaota, na magugu nayo hayakubaki nyuma. Mzunguko wa palizi ulipofika kwangu nilipika chakula cha watu tisa. Hakuja mtu. Hakuna aliyekataa: mmoja alikuwa na mgonjwa, mwingine msiba, mwingine amekwenda Kasulu kumwona mkwe. Nimesoma barua za udhuru maisha yangu yote, kwa hiyo nilielewa.

Nikapalilia mwenyewe siku tatu. Viganja vikavimba malengelenge, na sina hakika kama nilikata magugu mengi kuliko maharage. Vitumba vya maua vilikuwa vimeshaanza kuonekana. Palizi ikichelewa wiki nyingine, mavuno hakuna. Binti alipopiga simu nikamwambia mambo yanakwenda vizuri, kwa ile sauti tunayomwekea mkaguzi. Nilipokata simu nililia. Sikuyalilia maharage; yanauzwa sokoni, ningeweza kununua gunia na kumdanganya. Nililia kwa sababu nimeishi kwa watu hawa zaidi ya nusu ya umri wangu, na sikuwa na mtu hata mmoja wa kushika jembe kwa ajili yangu.

Siku ya nne ilikuwa zamu ya yule bibi. Nilikwenda bila kuitwa. Nikawaamkia kwa Kiha, "Mwakeye," wakaitikia, kisha nikapiga goti moja mbele ya bibi nikamwambia nilimkosea. Alininyooshea kidole mahali pa kusimama, kati ya kiongozi na mama mwingine.

Nililima saa nzima bila kuinua kichwa. Nilipoinua, niliona niko nyuma, lakini si nyuma kama nilivyostahili. Nikatazama vizuri. Ngwe yangu ilikuwa imekonda. Wa kulia amekula hatua moja, kiongozi wa kushoto amekula nyingine, na kilichobaki mbele yangu kilikuwa kijia ambacho mtoto wa chekechea angekimaliza. Damu ikanichemka. Nikamwambia kiongozi sikuja kuonewa huruma.

Hakusimamisha jembe. "Si huruma, mwalimu," alisema. "Nilipofika huku nililima na mdogo wangu mgongoni, na njaa juu. Walinipunguzia hivihivi msimu mzima. Bibi huyu ndiye aliyekuwa kushoto kwangu."

Nikamwambia asante, neno ambalo walimu niliowaongoza wangelipa kiingilio kulisikia kwangu. Nikainama, nikalima kijia changu, machozi na jasho sikuvitenganisha.

Tulimaliza wote kwa pamoja. Nikajikaza nikauliza kesho ni zamu ya nani, huku nikiogopa jibu.

Bibi alikuwa ananyoosha mgongo, mkono kiunoni. "Kesho tunakuja kwako," alisema. "Nawe utalima kando yangu. Mgongo huu hauwezi kumaliza ngwe peke yake."